Televisheni Katika Kazi ya Kompyuta

Ninyi mlioko Migori mjini, Rongo, Awendo na Isebania mpakani, na wenzenu wa Homa Bay, Oyugis, Kendu Bay na Mbita, naomba wasaa wenu nizungumze juu ya jambo ambalo kwa wajihi wake laonekana dogo, ilhali linawagharimu watu fedha na macho yao pasipo haja: nalo ni namna ya kuifanya televisheni ya siku hizi, hii ya bapa yenye picha safi, itumike kuwa kioo cha kompyuta, ikayaonyesha maandishi kwa uaminifu kama inavyouonyesha mpira wa Jumamosi.

Haja yenyewe haijifichi. Ingieni katika saiba yoyote kando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Isebania, au kule Homa Bay karibu na stendi ya magari, aghalabu mtamkuta kijana amekiinamia kioo kidogo cha inchi 17 kilichokwisha kufifia, na nyuma ya bega lake amesimama mzee au mama aliyekuja kuwasilisha ritani ya kodi kabla ya tarehe 30 Juni, au kumwombea mwanawe nafasi ya chuo kwa KUCCPS, au kutafuta cheti cha kuzaliwa katika eCitizen. Jina lake, nambari ya kitambulisho chake na siku aliyozaliwa vinaandikwa mbele yake naye havioni. Akiambiwa, “Tayari, jaduong’,” hulipa akaenda zake, na kosa la herufi moja tu, Otieno kuandikwa Atieno, hugunduliwa baadaye sana, mlangoni pa ofisi, na mtu aliyetoka Karungu kwa nauli yake mwenyewe. Na juu ya ukuta wa saiba hiyohiyo huenda imetundikwa televisheni ya inchi 43, inacheza nyimbo mchana kutwa. Rai yangu ni kwamba televisheni ile ipewe kazi: iunganishwe na kompyuta, ili mwenye jina alisome jina lake kabla halijatumwa.

Wala uhusiano wa vyombo hivi viwili si jambo la jana. Kompyuta za kwanza zilizoingia majumbani mwa watu huko Marekani na Uingereza, Apple II ya mwaka 1977, kisha ZX Spectrum na Commodore 64 za mwaka 1982, ziliweza kutumia televisheni ileile ya sebuleni. Kilichozitenga na televisheni ni maandishi. Televisheni ya mistari 625, ambayo ndiyo tuliyokuwa nayo sisi Kenya, iliweza kuchora uso wa mtu hata ukamtambua, lakini mstari mmoja wenye herufi 80, kama karani anavyouhitaji katika barua ya ofisi, uliishinda. Basi ofisi zikapata vioo vyao maalumu, na tangu mwaka 1987 vikaenea vile vya tundu la VGA, ambalo fundi wa hapa Migori angali akikutana nalo kila siku. HDMI ilipotolewa Desemba 2002, waya mmoja ukawa unabeba picha na sauti pamoja, nao ukawekwa katika televisheni na katika kompyuta pia, na njia iliyokuwa imezibwa ikafunguka tena.

Huku kwetu mabadiliko yalikuja kwa mkupuo. Wengi wenu mnaikumbuka Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, iliyoendeshwa kwa betri ya gari, betri ambayo ilibebwa kwa baiskeli hadi sokoni ikachajiwe. Kisha mwaka 2015 mitambo ya analogia ikazimwa, kwa kuwa mataifa yalikuwa yamekubaliana katika Shirika la Kimataifa la Mawasiliano kuwa mwisho wake uwe tarehe 17 Juni mwaka huo. Ving’amuzi vikanunuliwa, na televisheni za mgongo zikaanza kuzipisha za bapa. Lakini televisheni ya bapa ilirithi tabia za marehemu, na tabia hizo ndizo zinazowasumbua watu hadi leo.

Hitilafu ya kwanza ni ya kingo. Unachomeka waya wa HDMI, unachagua kwa rimoti tundu ulilolitumia, picha inatokea kubwa na ya kupendeza. Ila ukitazama chini kushoto, kile kitufe cha kufungulia programu hakipo, saa ya kona ya kulia imekatwa nusu, na dirisha ukilitanua hadi mwisho, alama ya kulifunga imezama nje ya fremu. Wapo wanaodhani kompyuta imeharibika wakamlipa mtu awawekee Windows upya, jambo lisilosaidia hata kidogo, kwa maana kosa si la kompyuta. Picha ya televisheni ya kale ilitanuka na kusinyaa kadiri umeme ulivyopanda na kushuka na kadiri mrija wake ulivyozeeka, na ili mtazamaji asiuone ukingo mweusi ukichezacheza, watengenezaji waliikuza picha hata ikapita fremu kidogo kila upande. Televisheni ya bapa haina mrija, wala picha yake haisinyai kwa udhaifu wa umeme, lakini nyingi zingali zikifuata ada ileile. Tuseme inakata sehemu mbili na nusu katika mia kwa kila upande: katika picha ya nukta 1920 kwa 1080, mistari 27 ya chini imekwenda, na ule ukanda wa vitufe wa Windows 10 wote una mistari 40 tu. Ubaya ulio mkubwa zaidi haudhihiriki upesi, nao ni kwamba kilichobaki, yaani nukta 1824 kwa 1026, hunyooshwa ili kijaze kioo, hivyo hakuna herufi inayokaa juu ya nukta zake yenyewe, na kila mstari mwembamba huangukia baina ya nukta mbili ukageuka kivuli.

Dawa yake haiuzwi, imo ndani ya rimoti. Tafuta mahali pa kubadilisha ukubwa wa picha: katika televisheni za LG utaona maneno “Just Scan”, katika Samsung “Screen Fit”, katika Sony “Full Pixel”, katika Sharp “Dot by Dot”, na katika nyingine pameandikwa tu “Overscan”, nawe utaizima. Papo hapo kingo zitarejea, na herufi zitakaza kama karatasi iliyotoka kwenye mashine ya kuchapa. Wako wanaokimbilia kuipunguza picha kutoka upande wa kompyuta, kwa programu ya Intel au ya AMD. Hapo kingo zitaonekana, ni kweli, lakini ukungu wa herufi utabaki, kwa kuwa picha imesinyazwa na kompyuta kisha ikatanuliwa tena na televisheni. Njia hiyo na iwe ya mwisho, kwa televisheni isiyo na chaguo jingine.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni ghiliba ya maboksi. Televisheni nyingi za inchi 32 zinazouzwa kwa bei nafuu, na karibu zote ndogo zinazotumia umeme wa jua wa volti 12, ambazo zimewafaa sana watu wa Rusinga na Mfangano kabla ya nyaya za umeme kufika kila boma, zina kioo cha nukta 1366 kwa 768. Boksi hata hivyo hutangaza kwa maandishi makubwa kwamba inakubali 1080, na neno hilo ni la kweli kwa hila: inaipokea picha ya 1080, kisha inaikamua hata iingie katika kioo kisichoitosha. Kompyuta nayo ikiuliza, televisheni hujibu kwamba yaweza 1920 kwa 1080, na kompyuta huamini. Ukiona maandishi yamevunjikavunjika, herufi “m” imekosa mguu mmoja, jua kwamba hilo ndilo lililotokea. Shusha kipimo katika kompyuta hadi 1366 kwa 768, na kama hakimo katika orodha, chagua 1360 kwa 768, ambacho kiliwekwa kwa sababu upana wa 1366 haugawanyiki kwa 8 na kompyuta nyingi hupendelea unaogawanyika.

Na hata ukifanya hivyo, usitazamie makubwa. Kioo kile kidogo cha inchi 17 chenye nukta 1280 kwa 1024 kina nukta 96 hivi katika kila inchi moja. Televisheni ya inchi 32 yenye nukta 1366 kwa 768 ina 49. Umepata ukubwa, lakini kwa usafi umepoteza nusu. Televisheni ya namna hiyo itafaa ukutani, itafaa kanisani kwa maneno ya nyimbo, itafaa darasani mwalimu akitaka watoto waione ramani. Kuitia mezani na kuitazama kwa umbali wa mkono mmoja, ukafanyia hesabu za kikundi cha wavuvi au za mauzo ya miwa, ni kuyaonea macho. Inchi 43 yenye nukta 3840 kwa 2160, hiyo iitwayo 4K, ndiyo yenye hesabu nyingine: nukta 102 katika kila inchi, zaidi ya kile kioo cha zamani cha ofisi, na nafasi ya kuweka kurasa nne za Full HD pamoja bila mmoja kuufunika mwingine. Kwa mtu wa kazi, hiyo ndiyo ninayoiona kuwa inastahili fedha yake, naye akiona herufi ni ndogo mno aiambie Windows izikuze hadi asilimia 150, wala asishushe kipimo cha kioo, maana akikishusha usafi wote unaondoka.

Hiyo 4K nayo ina sharti lake. Nukta zake zinapita milioni nane, na kompyuta yapasa kuzipeleka zote mara 60 kila sekunde. HDMI ya toleo la 1.4 hubeba biti bilioni 10.2 kwa sekunde, nazo hazitoshi, basi hupeleka picha mara 30 tu. Toleo la 2.0, lililotolewa mwaka 2013, hubeba bilioni 18, nazo zinatosha. Mtu aliyeunganisha kwa 1.4 ataliona dhahiri katika mshale wa kipanya, ambao utakuwa unaburutika na kuruka, na baada ya saa moja ya kazi kichwa kitamwuma asijue sababu. Kompyuta nyingi tulizo nazo ni zile za mtumba wa ofisi za Ulaya, ambazo kila mtu huziita ex-UK. Chukua Dell OptiPlex 9020, ambayo utaikuta katika maduka mengi: haina HDMI, ina tundu moja la VGA na mawili ya DisplayPort. Fundi asiyejua atakuunganishia kwa VGA, kisha atalaumu televisheni. Fundi anayejua kidogo atakuuzia kiunganishi cha bei rahisi cha kutoka DisplayPort kwenda HDMI, nacho hakitapita mara 30, au hakitafika 4K kabisa. Kinachohitajika ni kiunganishi kinachogeuza ishara chenyewe ndani yake, kilichoandikwa 4K 60Hz, kwa kuwa DisplayPort ya mashine ile inao uwezo, na aliyeinunua amekwisha kuulipia. Kisha ndani ya televisheni yenyewe lazima tundu lifunguliwe lipokee mzigo wote: chaguo hilo Samsung huliita “Input Signal Plus”, LG “HDMI Ultra HD Deep Colour”, Sony “Enhanced format”. Lisipofunguliwa, hata waya ulio bora hautafaa kitu.

Ya rangi nitayasema kwa uangalifu, kwa sababu wengi huyakosa. Televisheni, ili kupunguza mzigo, mara nyingi huhifadhi mwanga wa kila nukta peke yake lakini rangi huigawanya kwa nukta mbili au nne kwa pamoja. Kwa uso wa mtangazaji haidhuru, hakuna jicho litakalotambua. Kwa herufi nyekundu zilizoandikwa juu ya samawati ni taksiri kubwa: kingo zinatoka damu, na tarakimu 3 haijulikani kama ni 8. Katika televisheni nyingi, Samsung na LG zikiwemo, njia ya kuondoa kasoro hiyo ni kuingia katika orodha ya matundu, ukalibadili jina lile tundu la kompyuta, au alama yake, likawa “PC”. Jina hilo si pambo. Televisheni ikiliona huacha kugawanya rangi, na huacha pia kuingiza madoido yake kati ya picha na picha. Hapohapo teremsha ule ukali wa picha uitwao “Sharpness”, ambao katika sinema huongeza uhai lakini katika maandishi huzungushia kila herufi mzingo mweupe, na uondoe “Vivid”, hali ya dukani iliyotengenezwa ili televisheni ing’ae kuzishinda za jirani zake, si ili mtu aikalie mbele siku nzima. Pwani hii ya ziwa inajua thamani ya herufi iliyo safi: Gendia, hapo karibu na Kendu Bay, misheni ya Waadventista ilianza mwaka 1906, na hapohapo kiwanda cha uchapaji cha Africa Herald kikachapa vitabu kwa miaka mingi, kazi ya watu waliopanga maneno kwa mikono na kuyakagua kabla ya wino kugusa karatasi. Uangalifu ule ndio ninaoutaka kwa karani wa saiba.

Na kwa wenye saiba nina nasaha moja ya amana. Mkiisha kuunganisha, bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na herufi P, mtaulizwa namna ya kutumia vioo viwili. Wengi huchagua “Duplicate”, vioo vyote vikaonyesha kitu kimoja, na hapo hutokea madhara mawili: televisheni hulazimishwa kufuata kipimo kidogo cha kile kioo cha mezani, na nywila ya mteja, au fomu ya mteja aliyetangulia, hutandazwa ukutani mbele ya umati. Chagueni “Extend”. Televisheni itakuwa meza ya pili, nanyi mtavuta kwenda huko lile dirisha moja tu la fomu, wakati mteja amewadia kulisoma, huku siri zikisalia kwenye kioo kidogo. Televisheni imwelekee mwenye jina, impe kisogo anayepita mlangoni, na fomu isitumwe hadi yeye mwenyewe aseme kwamba ameiona.

Nimebakiza la umeme na radi, nalo kwa bonde hili la ziwa si dogo, kwani ngurumo zetu zinajulikana. Televisheni yenye antena juu ya paa, ikiunganishwa kwa HDMI na kompyuta, imefungua njia isiyokuwapo zamani: mshtuko ukiingia kwa waya wa antena hupita katika televisheni ukaiendea kompyuta, na kifaa cha kulinda soketi ya ukutani hakiuzuii, kwa sababu haukupitia ukutani. Mawingu yakikusanyika, hasa katika masika ya Machi hadi Mei, chomoeni antena pamoja na plagi zote. Kadhalika mjue kwamba kioo cha kompyuta hulala chenyewe kompyuta inapolala, lakini televisheni nyingi hazilali papo hapo, hubaki zikitangaza kwamba hakuna ishara huku zikila umeme. Na kwa kuwa ya inchi 43 yaweza kula mara tatu au nne ya kioo cha inchi 22, tokeni za umeme zitakwisha upesi kwa asiyeizima. Mwenye paneli ndogo ya jua na afanye hesabu hiyo kwanza.

Basi kwa yeyote anayekusudia kununua, iwe ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, wa Tom Mboya kule Homa Bay, au mwenye saiba wa Sori, ombi langu ni moja. Usiende dukani mikono mitupu. Beba kompyuta yako na waya wako. Omba ichomekwe kwenye televisheni ileile utakayoibeba, si ile ya maonyesho. Tazama kona zote nne. Andika jina lako kwa herufi ndogo nyekundu juu ya samawati, kisha ulisome ukiwa umeketi kwa umbali ule utakaofanyia kazi. Sogeza kipanya uone kama kinaburutika. Jina likisomeka, lipa. Mwenye duka akikataa kuichomeka kabla ya malipo, usimpe fedha yako.